Kifo cha Mazoezini ni Kifo cha Vitani

Asubuhi ya Desemba 11, 1941, ndege za kivita aina ya Spitfire za Kikosi cha 412 cha Jeshi la Anga la Kanada zilikuwa zikirejea kutoka mazoezini, zikishuka kupenya mawingu juu ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Chini ya mawingu hayo, kiasi cha futi 1,400 kutoka ardhini, ilikuwa ikipita ndege ya mafunzo yenye injini mbili, aina ya Airspeed Oxford, iliyotoka katika kituo cha Cranwell. Spitfire moja ilipochomoza mawinguni iligongana nayo karibu na kijiji cha Roxholme. Mkulima aliyeshuhudia alieleza baadaye kwamba alimwona rubani wa Spitfire akihangaika kukisukuma nyuma kifuniko cha kioo kilichokuwa juu ya kichwa chake. Mwishowe kilifunguka, rubani akasimama, akaruka. Lakini mwavuli unahitaji kimo ili ukunjuke, na kimo hicho hakikuwapo tena. Rubani huyo aliitwa John Gillespie Magee, na alikuwa na umri wa miaka 19. Aliyekuwa akirusha Oxford alikufa pia, naye alikuwa na miaka 19. Hapakuwa na ndege ya adui hata moja karibu nao, wala hapakufyatuliwa risasi.

Magee alizaliwa Shanghai mwaka 1922, baba yake akiwa mchungaji na mmisionari Mmarekani, mama yake Mwingereza. Baba huyo ndiye aliyebaki Nanjing mwishoni mwa 1937, jeshi la Japani lilipouteka mji, akarekodi kwa kamera yake ya sinema baadhi ya unyama uliotendewa raia. Mtoto alipelekwa kusoma Uingereza, katika shule ya Rugby, ambako alishinda tuzo ya ushairi. Mwaka 1939 alikwenda Marekani kutembea, vita vikazuka, njia ya kurudi ikafungwa. Akapata nafasi katika Chuo Kikuu cha Yale lakini hakuichukua. Kwa kuwa Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, alivuka mpaka na kujiandikisha Kanada mwezi Oktoba 1940. Juni 1941 akavishwa mabawa ya urubani, na Agosti alikuwa Llandow, Wales, akijifunza kurusha Spitfire. Huko ndiko alikoandika soneti yake iitwayo “High Flight”, kuhusu furaha ya kuruka, akaituma kwa wazazi wake ndani ya barua mwanzoni mwa Septemba. Novemba aliruka na kikosi chake hadi anga la Ufaransa iliyokaliwa na Wajerumani, akarudi salama. Desemba akafa juu ya mashamba ya Waingereza, siku ileile ambayo Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Marekani, nchi yake.

Kifo cha namna hii huwatatiza wanaotaka kukikumbuka. Aliyeuawa na adui ana hadithi iliyokwisha kuandaliwa: alipigana, akaanguka, taifa likamshukuru. Aliyekufa mazoezini hana. Wapo wanaompandisha cheo kimyakimya na kumsimulia kana kwamba alitunguliwa, na wapo wanaomshusha wakisema masikini, bahati mbaya, ajali haina kinga. Njia zote mbili zinamkosea. Kijana aliyekufa katika safari ya mazoezi wakati wa vita anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliouawa na vita bila kupunguziwa hata chembe, na anastahili vilevile kusemwa wazi jinsi alivyokufa. Mambo hayo mawili hayagongani. Ukilificha la pili, heshima unayompa kwa la kwanza inakuwa ya uongo.

Tuanze na ushahidi kwamba mazoezi yalikuwa sehemu ya vita vyenyewe. Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza iliwapoteza watu 55,573 kati ya wapatao 125,000 walioitumikia, na zaidi ya 8,000 kati ya marehemu hao walikufa katika mafunzo na ajali nyingine zisizo za mapambano. Yaani katika kila marehemu saba, mmoja hivi hakufikiwa na mkono wa adui siku aliyokufa. Marekani nayo, ambayo ardhi yake kuu haikushambuliwa na ndege za Wajerumani wala kugeuzwa uwanja wa mapigano, ilizika askari wa jeshi lake la anga karibu 15,000 waliokufa katika ajali ndani ya mipaka yake yenyewe. Idadi kubwa namna hii haiwezi kuitwa mkosi wa mtu mmoja mmoja. Ni gharama iliyojulikana, na serikali zilizokuwa vitani ziliendelea kuilipa kila wiki kwa miaka kadhaa.

Sababu zake pia zilijulikana. Ya kwanza ni haraka. Magee alipita kutoka ofisi ya kujiandikisha hadi kiti cha Spitfire katika muda wa miezi kumi, na miezi minne baadaye alikuwa kaburini. Ndege hiyo ilikuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa zaidi duniani wakati huo, na nyuma ya usukani wake aliwekwa mtu ambaye katika nyakati za amani angekuwa mwaka wa pili chuoni. Ya pili ni ubovu wa vifaa. Vitengo vya mafunzo ya ndege za mabomu mara nyingi vilipewa ndege zilizokwisha kuchakaa katika mapambano, maana zilizo nzima zilihitajika mstari wa mbele. Ya tatu ni hali ya hewa ya Uingereza wakati wa baridi, mawingu yakining'inia chini na mchana ukiwa mfupi. Ya nne, na hii ndiyo iliyomuua Magee, ni msongamano. Lincolnshire ni tambarare, iko karibu na bahari inayoelekea Ulaya, kwa hiyo ilijazwa viwanja vya ndege: Digby, Wellingore, Cranwell, Waddington, Scampton na vingine vingi. Wanafunzi wa Cranwell na marubani wa Digby walitumia anga moja, kwa kazi tofauti na kwa kasi tofauti. Ndege hizo hazikuwa na chombo cha kumwambia rubani anayeshuka mawinguni kwamba kuna mwenzake chini yake. Alitegemea macho, na ndani ya wingu macho hayana kazi.

Hakuna hata moja kati ya sababu hizo nne inayoweza kutenganishwa na vita. Haraka ililetwa na vita, kwa sababu marubani walikuwa wakiisha upesi kuliko walivyofunzwa. Ubovu wa ndege uliletwa na vita, na msongamano vilevile. Hata mawingu, ambayo hayana upande, yaligeuka hatari kwa sababu jeshi halikuwa na nafasi ya kusubiri anga litakate. Mchimba kisima akifukiwa na kifusi kabla maji hayajapatikana, kijiji kitakachokunywa maji hayo baadaye hakithubutu kusema kwamba yule hakufa kwa ajili ya maji. Spitfire isiyokuwa na rubani aliyefuzu ilikuwa chuma kitupu, na rubani hakufuzu ila kwa kupita katika hatari ambayo baadhi ya wenzake hawakuivuka.

Pingamizi la kwanza linasikika haraka. Ujasiri, watasema, ni kumkabili mtu anayekusudia kukuua. Kugongana na ndege ya upande wako hakuhitaji ujasiri wowote, na anayeviweka vifo hivyo viwili katika daraja moja anawapunguzia haki waliosimama mbele ya mizinga. Pingamizi hili lina uzito, lakini linachanganya vitu viwili. Nishani za ushujaa hutolewa kwa tendo, na ni sawa zikatofautisha tendo na tendo. Kumbukumbu ya marehemu haitolewi kwa tendo. Inatolewa kwa sababu mtu alijiweka, au aliwekwa, chini ya amri ambayo ingeweza kumuua, na kweli ikamuua. Wengi waliouawa na mizinga nao hawakuwa wakitenda lolote la kishujaa dakika ile. Walikuwa wamelala, wanakula, au wanasubiri gari. Hakuna anayekwenda makaburini kuwahoji walikuwa wakifanya nini. Tukilifuata pingamizi hili hadi mwisho wake, tutalazimika kupanga makaburi kwa alama kama karatasi za mtihani.

Tena hitaji la kuifanya kila ajali ya vita ionekane pambano limekwisha kuleta upotoshaji unaojulikana. Mwandishi Roald Dahl alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipoanza. Mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akafunzwa huko juu ya ndege ndogo za Tiger Moth pamoja na kundi dogo la vijana, na wengi wao hawakuiona amani. Septemba 1940, akiipeleka ndege yake ya Gladiator kwenye kikosi chake jangwani kaskazini mwa Afrika, alielekezwa mahali pasipo, giza likamkuta mafuta yakikaribia kuisha, akajaribu kutua jangwani na kuanguka. Alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Agosti 1942 jarida moja kubwa la Marekani lilichapisha simulizi yake ya tukio hilo chini ya kichwa kilichodai kwamba alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa. Lakini wasomaji wa wakati wa vita walitakiwa wapewe risasi, maana maelekezo yenye makosa na mafuta yanayokwisha havichangamshi moyo. Ikiwa aliye hai aliweza kuongezewa adui ambaye hakuwapo, wangapi waliokufa waliongezewa pasipo mtu wa kukanusha?

Kuna taasisi iliyokwisha kulijibu swali la daraja za vifo kwa vitendo, nayo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 ikiitwa Tume ya Kifalme. Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Kwa Vita Kuu ya Pili, askari yeyote aliyekufa akiwa kazini kati ya Septemba 3, 1939 na Desemba 31, 1947 anahesabiwa kuwa marehemu wa vita, chanzo cha kifo kiwe risasi, homa, gari lililopinduka au ndege iliyogongana na nyingine. Kila mmoja awe na jina lake mahali fulani, na mawe yafanane bila kujali cheo, kabila wala dini. Kaburi la Magee kule Scopwick, kijiji kilicho karibu na Digby, linaonyesha kanuni hiyo ikifanya kazi. Ni jiwe jeupe lenye kimo kile kile cha mawe ya jirani, lina alama ya jeshi lake, cheo, jina, tarehe na umri, na chini maneno yaliyotoka katika shairi lake. Halisemi alikufa namna gani. Anayelisoma hawezi kujua kama aliyelala hapo aliuawa Ufaransa au juu ya shamba la jirani, na hiyo ndiyo maana ya usawa huo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza kama usawa huo ulimfikia kila mtu. Haukumfikia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya na jirani zake walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Tume ileile iliyotangaza usawa wa mawe haikuwapa wengi wao mawe wala orodha ya majina. Walipewa sanamu za pamoja, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ripoti maalumu iliyotolewa mwaka 2021 na Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Maofisa wa zama hizo walikuwa na visingizio vyao, kimojawapo kikiwa kwamba watu wa huku wasingejali mawe.

Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini tushughulike na kijana mmoja Mmarekani mwenye kaburi zuri Uingereza wakati wetu hawana hata jina? Nalichukulia swali hili kuwa hoja ya kuniunga mkono. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara damu njiani kuelekea Rufiji na rubani aliyegongana na ndege ya mafunzo Lincolnshire wanafanana katika jambo moja la msingi: wote wawili waliuawa na kazi ya vita pasipo kuguswa na silaha ya adui. Anayesema Magee si marehemu halisi wa vita kwa kuwa hakupigwa risasi anashika mkononi kipimo kinachomtupa mpagazi pia, tena kinamtupa kwanza. Na anayekubali kwamba Magee anastahili jiwe lake amekwisha kukubali deni la wale wengine. Kanuni ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Dhambi ilikuwa kuitumia kwa baadhi ya watu na kuwaacha wengine.

Pingamizi la pili linahusu umaarufu. Magee anakumbukwa kwa sababu aliandika shairi. Baada ya kifo chake shairi hilo lilienea Marekani, na mwanzoni mwa 1942 Archibald MacLeish, aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Bunge, akaliweka katika maonyesho huko Washington. Tangu hapo limechongwa kwenye makaburi ya marubani wengi, na Januari 28, 1986, chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka na kuua watu wote saba waliokuwamo, Rais Ronald Reagan alifunga hotuba yake ya rambirambi kwa maneno yaliyotoka humo. Kijana aliyekuwa akirusha ndege ya Oxford hakuandika shairi, na nje ya ukoo wake na orodha za Tume ni wachache wanaomtaja. Je, huku si kukumbuka kalamu badala ya mtu?

Kwa kiasi kikubwa ndivyo, na tusijidanganye. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kumsahau Magee ili awe sawa na wenzake. Mtu maarufu hutumika kama mlango ambao wengine wanapitia. Anayefuata habari za “High Flight” hadi Scopwick anakuta makaburi mengine ya wanajeshi wa anga pembeni, na akiuliza mgongano ulikuwaje hawezi kukwepa kumkuta kijana wa pili. Kosa linaanzia pale tunaposimulia mgongano wa ndege mbili kana kwamba aliyekufa ni mmoja. Waandishi wengi hufanya hivyo kwa kutokusudia: Spitfire ina jina na rubani, Oxford inabaki kuwa kitu kilichogongwa. Sentensi moja tu inatosha kulirekebisha, ile inayosema kwamba waliokufa walikuwa wawili na umri wao ulikuwa mmoja. Mwandishi asiyekuwa na nafasi ya sentensi hiyo anatumia kifo kupamba shairi.

Shairi lenyewe pia lina hatari yake, na hapa ndipo pingamizi la tatu, lililo zito kuliko yote, linapoingia. Wanaopinga vita husema kwamba kumbukumbu za vijana wazuri waliokufa mapema huwavutia vijana wengine kwenye njia hiyohiyo. Kuruka kunaimbwa, kuanguka hakuimbwi. Siwezi kulikataa hilo. Magee aliandika kuhusu furaha ya kupaa akiwa mwanagenzi wa wiki chache kwenye Spitfire, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli, ila haikumwonyesha msomaji kioo kinachogoma kufunguka futi mia chache juu ya shamba. Ndiyo maana nasisitiza sehemu ya pili ya hoja yangu. Ukiusema ukweli wa jinsi alivyokufa, unamnyima mpiga debe wa vita kitu anachokihitaji. Bango la kuandikisha askari linaweza kubeba picha ya rubani aliyetunguliwa akimlinda mama yake. Haliwezi kubeba picha ya vijana wawili wa upande mmoja waliouana kwa sababu mawingu yalikuwa chini na anga limejaa.

Zaidi ya hayo, ukweli huo ndio uliookoa walio hai. Jeshi la Anga la Uingereza lenyewe halikuridhika na msemo wa ajali haina kinga. Tangu 1941 Wizara ya Anga ilitoa jarida la mafunzo lililoitwa Tee Emm, na ndani yake akawekwa rubani wa kubuni, Prune, mzembe asiyesikia la mkuu, ambaye makosa yake ya kuchekesha yaliwafundisha marubani halisi yasiyochekesha. Jeshi lililokuwa likipigania uhai wake lilitenga karatasi, wachoraji na wahariri kwa kazi hiyo kwa sababu lilikwisha kutambua kwamba adui mmojawapo yumo ndani ya uwanja wake. Kila ajali iliyoandikwa kwa usahihi ilikuwa somo, na ile iliyofunikwa kwa maneno ya kishujaa haikumfundisha mtu. Familia nyingi hupokea faraja ya maneno makubwa, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini taifa si familia, na jeshi lina wengine watakaoruka kesho kutwa.

Kwa hiyo kumbukumbu iliyo bora ya kijana wa aina hii ina masharti machache yanayotimizika. Atajwe kwa jina na umri. Isemwe alikuwa akifanya nini na kwa amri ya nani. Isemwe kilichomuua ni nini, bila kuongezewa adui na bila kupunguziwa vita. Watajwe waliokufa pamoja naye. Na kipimo hichohicho kipelekwe kwa kila mtu ambaye vita vilimuua pasipo risasi: mwanafunzi wa urubani, fundi aliyekatwa na pangaboi, dereva wa lori la risasi, mpagazi wa mwaka 1917. Anayeona masharti hayo ni mazito ajue kwamba wapagazi wa Kariakoo wamengoja sharti la kwanza tu, jina, kwa zaidi ya miaka 100, wakati rubani wa Scopwick alilipata mara moja. Tofauti hiyo haikutokana na namna walivyokufa, na hakuna anayeweza kuitetea leo kwa hoja yoyote iliyo safi.